KABLA YA KUUZA NG'OMBE, NENDA UKAIONE SHULE



Kazi ya karani wa parokia ni kutunza vitabu: kitabu cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa na cha marehemu. Lakini kila mwaka, watoto wa darasa la saba wakiisha kufanya mtihani wao wa mwezi wa Septemba, ofisi yangu hugeuka kuwa baraza la shule. Wazazi huja mmoja mmoja kutaka cheti cha ubatizo cha mtoto, maana seminari na shule nyingi za Kanisa hukitaka, pengine pamoja na barua ya Baba Paroko. Mimi hufungua kitabu, hutafuta namba, huandika. Na huku kalamu inakwenda, mzazi hunieleza habari za shule aliyoichagua. Hapo ndipo nimesikia mengi, ya kufurahisha na ya kuhuzunisha.

Miaka michache iliyopita alikuja baba mmoja wa kigango cha mbali. Akaniambia, "Karani, binti yangu amepata shule." Nikamwuliza ni shule gani. Akanitajia shule ya bweni iliyoko mjini, mali ya mtu binafsi. Nikamwuliza, "Umeiona?" Akajibu, "Shule sijaiona, ila basi lake nimeliona. Limepakwa rangi nzuri, na watoto waliokuwamo walisema Kiingereza kitupu." Alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe wawili. Nikamwandikia cheti, akaondoka kwa furaha.

Mwezi wa nne nikamwona binti huyo kanisani. Alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Baba akauza ng'ombe wa tatu. Mwaka wa pili hakuwa na wa nne. Binti akakaa nyumbani tangu Julai hata Januari, ndipo akapata nafasi katika shule ya kata, ile ile aliyopangiwa na Serikali tangu mwanzo. Akaanza tena kidato cha pili, na wenzake aliomaliza nao darasa la saba wakawa wamemtangulia.

Sisemi hivi ili kumcheka mzee huyo. Alimpenda mtoto wake, kwa maana mtu asiyempenda mtoto hauzi ng'ombe. Kosa lake lilikuwa moja tu: alichagua shule kwa kutazama basi. Na mimi niliyemwandikia cheti bila kumwuliza neno la pili, nina fungu langu katika kosa hilo. Ndiyo sababu ya kuandika maneno haya.

NI KAZI YA NANI?

Wako wazazi wasemao, "Sisi ni wakulima, mambo ya shule wanayajua walimu." Sivyo. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lao juu ya elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, walifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na kwamba yawapasa kuwa na uhuru wa kweli wa kuchagua shule. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yafundisha vivyo hivyo. Lakini uhuru ni mzigo pia. Mwenye haki ya kuchagua ana wajibu wa kukijua anachokichagua. Hakuna mkulima anunuaye jembe bila kuligonga na kulisikiliza. Je, shule ya mtoto ni kitu kidogo kuliko jembe?

Tena siku hizi yako mambo ya kuchagua. Wazee wetu wakumbuka wakati ambapo katika kijiji kizima mtoto mmoja tu alikwenda sekondari. Tangu mpango wa kuendeleza elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004, shule za kata zimejengwa mahali pengi. Tangu Januari 2016 Serikali haitozi ada katika shule zake kwa kidato cha kwanza hadi cha nne; kabla ya hapo ilikuwa shilingi 20,000/- kwa mwaka kwa mtoto wa kutwa na 70,000/- kwa wa bweni. Mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita ikafutwa pia. Mtoto akifaulu, hupangiwa shule. Mzazi akiona kwa sababu ya haki kwamba shule hiyo haimfai, aweza kuomba uhamisho, au kumpeleka katika shule ya Kanisa, au ya watu binafsi. Basi njia ziko kadhaa. Swali ni hili: nitajuaje iliyo njema?

UBAO WA LANGONI HAUFUNDISHI

Jambo la kwanza, tusidanganywe na jina. Chukueni mfano wa Pugu, karibu na Dar es Salaam. Ilikuwa shule ya Kanisa Katoliki, ikiitwa kwa jina la Mtakatifu Fransisko, na Mwalimu Nyerere alifundisha pale hata alipoacha ualimu mwaka 1955. Kilakala ya Morogoro nayo ilianzishwa na Masista wa Maryknoll kwa ajili ya wasichana. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipozitia shule za misioni mikononi mwa Serikali, hizo zote zikawa za Serikali, na ni za Serikali mpaka leo. Ubao wa langoni ulibadilika, na masomo yakaendelea.

Kwa hiyo usiseme, "Ya Serikali, basi ni mbaya," wala, "Ya Kanisa, basi ni nzuri," wala, "Ya kulipia, basi ni bora." Iko shule ya kata ambayo mkuu wake hufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya watoto. Iko shule ya kulipia ambayo walimu huja na kuondoka kila muhula kwa kuwa hawalipwi mishahara. Na msalaba ulio juu ya paa haumfundishi mtoto hesabu, ikiwa mwalimu wa hesabu hayupo.

NENDA SIKU YA KAZI

Mimi nilisoma chuo cha ualimu, nikaenda katika mazoezi ya kufundisha. Najua jinsi shule inavyopambwa siku mgeni anapotazamiwa. Basi usiende siku ya mahafali, yenye ngoma na hotuba. Nenda Jumanne au Jumatano, saa nne asubuhi. Piga hodi kwa mkuu wa shule kwa heshima, mwambie kwamba wewe ni mzazi na wataka kumleta mtoto. Shule njema haimfukuzi mzazi. Ukifika, tazama mambo matano.

La kwanza ni walimu. Usiulize, "Mna walimu wangapi?" Uliza, "Nani afundisha hesabu? Nani fizikia? Nani Kiingereza?" Omba kuwaona. Kisha pita nje ya madarasa. Ukikuta madarasa matatu yana kelele na watoto peke yao, na walimu wamo ofisini, umekwisha kujibiwa. Juu ya Kiingereza tia mkazo, maana watoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na wakifika kidato cha kwanza masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Hapo wengi huanguka, wala si kwa sababu ya ujinga. Uliza shule yawasaidiaje watoto wageni katika miezi ya kwanza.

La pili ni daftari. Mwombe mtoto yeyote wa shule hiyo akuonyeshe daftari lake. Hata kama hujui Kiingereza, waweza kuona tarehe. Je, kazi imeandikwa kila wiki? Je, kalamu nyekundu ya mwalimu imepita? Je, penye kosa mtoto amesahihisha? Daftari halijui kusema uongo.

Jambo hili nilijifunza kwa hasara. Mtoto wa marehemu kaka yangu tulimpeleka katika shule moja ya msingi ya kulipia, nami ndimi niliyeshauri, kwa kuwa niliwasikia watoto wakiimba Kiingereza vizuri. Alipokuwa darasa la nne, bibi yake alimpa barua iliyoandikwa kwa Kiswahili amsomee. Mtoto hakuweza. Tukampa kitabu chake cha Kiingereza. Akakisoma haraka kama kasuku, lakini nilipomwuliza maana, akanitazama tu. Nilipofungua daftari zake nikakuta kurasa nyingi za maneno aliyonakili ubaoni, na alama za vyema mpaka penye makosa. Nikaona haya. Mwalimu wa mafunzo kama mimi sikuwa nimefungua daftari hata moja kwa miaka mitatu.

La tatu ni matokeo. Baraza la Mitihani la Taifa hutoa matokeo ya kila shule katika intaneti, na kijana yeyote mwenye simu aweza kukuonyesha. Lakini yasome kwa akili. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi za kwanza, nasi wazazi tuache tabia ya kutafuta za kwanza tu. Tuseme shule moja yasema, "Kwetu hakuna aliyepata sifuri, watoto wote 38 wamefaulu." Ni vizuri. Lakini uliza: walioanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi? Ukiambiwa walikuwa 80, uliza wale 42 wamekwenda wapi. Wengine wamehama kwa sababu zao. Lakini ziko shule zijipatiazo jina kwa kuwaondoa watoto wazito kabla ya mtihani. Shule nyingine yaweza kuwa imeanza na watoto 90, wakafanya mtihani 86, wakafaulu 70. Mimi ningempeleka mtoto wangu kwa hiyo ya pili, maana mkulima hasifiwi kwa kung'oa miche iliyo dhaifu.

La nne ni njia na malazi. Shule iliyo kilomita nane ni mbali kwa msichana aondokaye nyumbani gizani na kurudi jioni. Wazazi wengi huwapangia watoto chumba karibu na shule, kile wanachokiita geto. Watoto wa miaka kumi na minne wakae peke yao, wapike wenyewe, na jirani ni watu wasiowajua! Wangapi tumewapoteza hivyo? Heri kutafuta ndugu, au shangazi, au familia ya Jumuiya iliyo karibu na shule, ukawapelekea unga na maharage. Na kama shule ina bweni au hosteli, uliza nani hulala na watoto, na mlango hufungwa saa ngapi. Kwa watoto wadogo, jueni kwamba mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalum. Mtoto mdogo bweni lake ni mama yake.

La tano ni malezi. Tazama vyoo, na maji ya kunawa. Uliza watoto hula nini mchana. Uliza habari za fimbo: kanuni za Serikali zataka mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, ndiye achape, isizidi fimbo nne, na ziandikwe kitabuni. Shule ambayo kila mwalimu hutembea na fimbo haifuati sheria. Mwisho, ikiwa ni shule ya kulipia, omba kuona namba ya usajili wa Wizara. Shule isiyosajiliwa itakutia matatani siku ya mtihani.

KAA CHINI UPIGE HESABU

Sasa tuje kwenye ada, ambayo ndiyo iliyomwangusha mzee wangu. Wengi hutazama ada ya muhula wa kwanza, wakiipata hushangilia. Lakini shule ya sekondari ni miaka minne. Injili yatwambia juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu gharama. Basi tuhesabu.

Tuseme ada ni 1,200,000/- kwa mwaka. Ongeza nauli, sare, godoro, daftari na sabuni, tuseme 300,000/-. Jumla 1,500,000/- kwa mwaka, na kwa miaka minne ni 6,000,000/-. Wewe wavuna magunia 40 ya mahindi. 15 ni ya kula, 25 ya kuuza. Ukiuza gunia kwa 60,000/-, wapata 1,500,000/-. Maana yake, mahindi yako yote ya miaka minne yamekwenda kwa mtoto mmoja, na mvua isikose hata mwaka mmoja, wala mtu nyumbani asiugue. Na wale wadogo zake watatu?

Sisemi usilipe. Mwenye uwezo na alipe, na afurahi. Shule za Kanisa zahitaji ada ili ziwalipe walimu. Nasema tu: ukiona hesabu haitimii, usianze kwa kujipa moyo. Shule ya kata bila ada, pamoja na mzazi afikaye katika kila mkutano, ni bora kuliko shule ya sifa ambayo mtoto ataiacha njiani. Nayo shule isiyo na ada haikosi gharama: sare, daftari, na chakula cha mchana ni juu yako. Fedha ulizookoa, zitumie huko. Nunua taa ya jua ili mtoto asome usiku. Nunua kamusi.

MTOTO NAYE AULIZWE

Katika mtaala ulioanza mwaka 2024, ziko sekondari zenye mkondo wa jumla, na nyingine zenye mkondo wa amali, ambako mtoto hujifunza pamoja na masomo mengine kazi kama ufundi, kilimo au ushonaji. Wako wazazi wanaoudharau mkondo huo. Lakini ukimwona mtoto wako hufungua redio mbovu na kuitengeneza, mbona umkataze?

Kadhalika na seminari. Kila mwaka wapo wazazi wanaokuja kwangu kutaka barua ya seminari kwa mtoto ambaye hajawahi kusema anataka upadre. Wanachotaka ni shule nzuri. Wazazi wapenzi, seminari ndogo ni nyumba ya kulea miito. Si kila aingiaye atakuwa padre, hilo twalijua, wala si aibu kutoka. Lakini mtoto asipelekwe kwa hila. Akae na Baba Paroko, waongee, ajibu mwenyewe.

DINI HAIBAKI NYUMBANI

Sheria ya Kanisa yawataka wazazi wawapeleke watoto mahali wanapopata malezi ya Kikatoliki. Wasipoweza, wajibu hauondoki, ila warudi kuutimiza nje ya shule. Basi mzazi wa shule ya kata asiseme, "Mimi sina fedha, mwanangu atakosa dini." Shule za Serikali zina vipindi vya dini. Uliza kama katekista wetu hufika, na kama hafiki, mwambie Baba Paroko. Uliza kama kuna chama cha TYCS cha wanafunzi Wakatoliki, mtoto ajiunge nacho. Na Rozari ya jioni nyumbani haihitaji ada.

MZEE AMERUDI

Mwaka jana yule mzee alirudi ofisini kwangu. Mdogo wake yule binti, mvulana, alikuwa amemaliza darasa la saba. Kabla sijauliza neno, akasema, "Karani, safari hii nimeiona." Alikuwa amekwenda kwa baiskeli katika shule ya kata mara mbili, bila kuwaambia. Siku ya kwanza alikuta mwalimu wa hesabu yumo darasani anafundisha. Siku ya pili aliomba daftari la mtoto wa jirani, akalitazama ukurasa kwa ukurasa. "Kusoma Kiingereza sijui," akasema, "lakini nyekundu naijua." Mwalimu wa fizikia hakuwapo, na jambo hilo akalisema mbele ya watu katika mkutano wa wazazi. Wakakubaliana kumwandikia Afisa Elimu, na barua hiyo wakaiandikia katika ofisi yangu.

Mvulana sasa yuko kidato cha kwanza, akaa kwa shangazi yake, mwendo wa dakika ishirini kutoka shuleni. Dada yake, ambaye yumo katika shule hiyo hiyo, humwelekeza Kiingereza jioni. Mtihani wao bado. Mwalimu wa fizikia naye bado hajaja, na mzee ameniambia kwamba ataandika barua ya pili.

Ng'ombe aliyebaki yumo zizini. Mzee asema huyo ni wa kidato cha tano, kwa nauli na godoro, binti atakapofaulu.